Miguu inayowaka moto usiku: kutuliza maumivu ya neva ukiwa unasafishwa damu

Mchana yanavumilika. Usiku shuka ikigusa vidole tu, nyayo zinawaka, zinachoma kama sindano, au zimekufa ganzi kana kwamba umevaa soksi. Kwa anayesafishwa damu, sababu kubwa ni mbili na mara nyingi huja pamoja: kisukari cha miaka mingi, na sumu ambazo figo zimeshindwa kuzitoa. Mishipa ya fahamu (neva) iliyo mirefu huumia kwanza, ndiyo maana ugonjwa huanzia vidole vya miguu yote miwili kisha hupanda juu.

Kabla ya kumeza chochote, hakikisha kweli ni neva. Shavu la mguu likikaza ghafla ukiwa kwenye mashine ya kusafisha damu, huo ni msuli: maji yanavutwa kwa kasi, na dawa yake ni kupunguza unachokunywa kati ya vipindi vya kusafishwa. Mguu unaouma ukitembea na kutulia ukisimama, tena ni wa baridi, una shida ya damu kupita. Ukishikwa jioni na hamu ya kuchezesha miguu hadi unashindwa kulala, omba upimwe akiba ya madini ya chuma. Omba pia kipimo cha vitamini B12, hasa kama ulitumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka kabla ya figo kuchoka. Na kama uko kwenye dawa za TB, uliza kama unapewa vitamini B6, kwa sababu isoniazidi huimaliza mwilini na neva zikaumia.

Kisha tazama usafishaji wenyewe. Kiwango cha kawaida ni mara tatu kwa wiki, saa 4 kila mara. Kwetu wengi huenda mara mbili kwa sababu ya gharama, na wengine huomba kutolewa nusu saa mapema. Hiyo nusu saa ina bei yake, kwani sumu zinazobaki zinaendelea kula neva. Muulize muuguzi Kt/V yako, yaani kipimo cha kama damu inasafishwa vya kutosha. Isishuke chini ya 1.2 kwa wanaokwenda mara tatu. Ikiwa iko chini, kurekebisha muda, sindano au fistula (mshipa wa mkononi uliounganishwa kwa upasuaji ili sindano za mashine ziingie hapo) kutakufaa kuliko kuongeza vidonge.

Sasa dawa, na hapa ndipo watu huumia zaidi. Gabapentini, dawa ya maumivu ya neva, hutolewa mwilini na figo peke yake. Mwenye figo nzima huweza kumeza miligramu 300 mara tatu kwa siku. Wewe ukifanya hivyo, dawa hujikusanya: usingizi mzito, kuyumba, mikono kurukaruka, kuchanganyikiwa, kuanguka. Ndugu hudhani ni kiharusi. Kwa mgonjwa wa mashine kiasi cha kuanzia ni miligramu 100, na humezwa baada ya kipindi, siku za mashine tu. Daktari anaweza kupandisha polepole, kwa kawaida bila kupita 300 baada ya kila kipindi. Ukiimeza kabla ya kwenda, mashine itaondoa sehemu yake na usiku utaumia. Ukikosa kipindi, usimeze dozi inayofuata kabla ya kuuliza. Duka likiwa na kapsuli za 300 tu, usikubali kuanza nazo. Tafuta za 100. Pregabalini, ndugu yake, hufuata kanuni hiyohiyo, kuanzia miligramu 25, na hizi mbili hazitumiwi pamoja.

Njia nyingine ni amitriptilini miligramu 10 saa moja au mbili kabla ya kulala. Mashine haiitoi. Ipe wiki mbili hadi nne kabla ya kusema imeshindwa. Kero yake ni kukausha kinywa: kiu inazidi, unakunywa, unakuja na kilo nyingi za maji. Sukutua kinywa au nyonya kipande kidogo cha barafu. Mwenye ugonjwa wa moyo apimwe kwanza ECG, kipimo cha umeme wa moyo.

Diklofenaki na ibuprofeni hazigusi maumivu ya neva, na kwako huleta hatari ya kutokwa damu tumboni na kupoteza mkojo mdogo uliobaki. Duloksetini, dawa nyingine ya maumivu ya neva, kwa kawaida huepukwa figo zikifika hapa. Baklofeni, inayoandikwa kwa misuli kukaza, inaweza kumlaza mgonjwa wa figo katika usingizi wa hatari hata kwa dozi ndogo; ikataeni. Vidonge vya B1, B6 na B12 visome kwanza: B6 nyingi, kama miligramu 200 kwa siku kwa miezi, yenyewe huharibu neva.

Asiyetaka vidonge zaidi anaweza kujaribu krimu ya kapsaisini ya asilimia 0.075, mara tatu au nne kwa siku, kwenye ngozi isiyo na jeraha. Wiki ya kwanza huwasha sana, na wengi huiacha hapo kabla haijaanza kazi. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kupaka.

Sukari ishushwe polepole. Kuishusha kwa ghafla kunaweza kuamsha maumivu makali mapya. Amini glukometa (kifaa cha kupima sukari kwa tone la damu) kuliko HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi michache, ambacho kwa wanaosafishwa damu mara nyingi husoma chini kuliko hali halisi.

Ndugu, tafadhali acheni kuwakanda wagonjwa miguu kwa maji ya moto. Mguu wenye ganzi hauhisi kuungua, na lengelenge moja huweza kuishia kwenye kukatwa mguu. Maji yawe vuguvugu, yapimwe kwa kiwiko cha mtu asiye na ganzi. Kausha katikati ya vidole, paka mafuta nyayo lakini si katikati ya vidole, kung'uta viatu kabla ya kuvaa, na kila jioni tazama nyayo kwa kioo. Kwenye mashine, weka mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie. Saa 4 za kukandamizwa hutosha kuanzisha kidonda.

Mkono wa fistula ukiwa baridi, umepauka na kuuma zaidi wakati wa kipindi, sema siku hiyohiyo. Mkono huo ukilegea ghafla saa chache baada ya upasuaji wa fistula, rudi hospitali bila kungoja asubuhi. Vivyo hivyo miguu ikilegea ghafla na moyo kupiga ovyo, hasa baada ya kukosa kipindi: hiyo huenda ni potasiamu iliyopanda, nayo huua kwa saa chache.