Change, alter, amend ama revise: shika ipi ukiandika Kiingereza

Ukiwa unaandika barua ya kazi ama ripoti hapa Kisumu na umekwama kati ya hizi verbs, usikimbilie ile inasikika kubwa. Jiulize kwanza ni kitu gani kinabadilishwa na kinabadilika kiasi gani, juu jibu liko hapo.

Change inaingia karibu kila mahali, hata kama umetoa kitu chote ukaweka kingine, tairi ama simkadi. Alter haiwezi hiyo kazi, yenyewe inagusa sehemu na kitu kinabaki kile kile, yaani fundi wa nguo pale Kibuye akipunguza kiuno cha suruali yako, ame-alter. Lakini chunga sana, ukisema cheti ama hundi ni altered, anayesoma anashuku kuna mtu ameichezea, so kama tarehe ilirekebishwa kihalali andika corrected.

Bodaboda ikiongezewa keria ibebe makreti, hiyo ni modify. Ukikaza breki tu ama usogeze kioo cha gari, adjust, hakuna kitu kipya kimeingia.

Amend ni ya maandishi rasmi, sheria, mkataba, minitsi za mkutano. Sura ya 16 ya Katiba yetu ya 2010 inaitwa Amendment of this Constitution, na chama yenu ikibadilisha kanuni zake pia mko sawa kuitumia. Kwa nywele ama ratiba ya mechi, hapana, andika change yako na utaeleweka vizuri kabisa.

Sasa revise ndio inachanganya watu wetu, juu tangu shule tume-revise mtihani, na hiyo ni matumizi ya Uingereza. Mtu wa Marekani akisoma "I am revising chemistry" anaweza dhani unaandika kitabu cha chemistry upya, kwake revise ni kurudia maandishi na kuyarekebisha, kwa hivyo ukimwandikia, tuseme kwa aplikesheni ya skolashipu, weka studying ama reviewing. Hiyo maana ya kurekebisha hata Uingereza iko, ndio maana "revised budget" inaeleweka kote.

Convert ni ya kutoka mfumo ama matumizi fulani kwenda mengine: shilingi kuwa dola, stoo kuwa bedsita. Adapt ni kubadilika ili ulingane na mazingira mapya, mfano umehama Nakuru kwenye baridi ukaja joto la ziwa, na angalia spelling hapo, adopt ni kuchukua kitu kiwe chako, mtoto ama sera.