Ukikutana na "by", tazama kinachofuata

Mnaojaza fomu za kazi au za chuo kwa Kiingereza, kuweni macho na kijineno "by". Kikifuatwa na siku au saa, kinataja ukomo: "Submit the form by Friday" maana yake fomu iwe imefika Ijumaa au kabla yake. Ukiituma Jumanne, safi kabisa. Usikichanganye na "until". "The office is open until Friday" ni kwamba ofisi inaendelea kuwa wazi mpaka Ijumaa. Sisi "mpaka" na "hadi" tunazitumia kote kote, ndiyo maana mtu anaandika "I will finish until Monday" na bosi anabaki kukuna kichwa. Jambo la kukamilika mara moja, by. Hali inayoendelea, until.

Kwenye hela ndiko kuna balaa zaidi. Simu ni shilingi 150,000. Tangazo likisema "reduced by 20,000", umepunguziwa 20,000, kwa hiyo utatoa 130,000. Likisema "reduced to 20,000", bei yenyewe sasa ni 20,000 (na hapo mimi ningeuliza kwanza kama simu inawaka).

Usafiri ni rahisi: by bus, by train, by boat, bila "a" wala "the" katikati. Ukishaweka "the" au "my", by inaondoka: on the bus, in my car. Kwa miguu ni on foot.