Kabla hujatundika jalada la jarida la zamani

Ukipata jarida la zamani lenye jalada zuri, usikimbilie mkasi. Jarida zima lina thamani kuliko jalada lililochanwa. Mimi hulipitisha kwenye skana, nikachapisha nakala, na hiyo ndiyo inayokwenda ukutani.

Kama ni lazima utundike lenyewe, adui wa kwanza ni mwanga: jua hufifisha wino, na karatasi za bei rahisi zina lignini, kemikali ya asili itokayo kwenye mti, inayozigeuza njano. Chagua ukuta usiopigwa na jua, na nyuma ya jalada weka kadibodi isiyo na asidi. Selotepu na gundi, hapana kabisa! Lishikize kwa vipembe vya karatasi vinavyoshika kona zake. Acha pia upenyo kati ya kioo cha fremu na jalada, unyevu usije ukavigandisha.