Kazi ya gesi katika mzunguko mmoja wa injini: piga hesabu nami

Vijana wanaokuja kujifunza karakanani kwetu Changamwe fomyula wanazijua. Wanapokwama ni kwenye geji ya presha, basi tuanzie hapo.

Hatua ya 1: presha halisi. Mombasa tuko usawa wa bahari, na hewa yenyewe inakandamiza kwa takriban kilopaskali (kPa) 100. Geji ikisoma sifuri, silinda ina hizo 100 tayari. Ikisoma 200, wewe andika 300.

Hatua ya 2: chora. Ujazo ulale, presha isimame. Hewa tuichukulie kuwa gesi kamilifu.

A: kPa 300, lita 1
B: kPa 100, lita 3
C: kPa 100, lita 1

A hadi B gesi inatanuka, jotoridi halibadiliki. B hadi C inabanwa kwa presha ileile. C hadi A inapashwa moto, pistoni imetulia.

Hatua ya 3: A hadi B. Presha inashuka njiani, kwa hiyo huwezi kuzidisha tu. Kazi = P × V × ln(V₂/V₁), P ikiwa presha, V ujazo, na ln logi asilia, yaani 300 × 1 × ln 3 = J 329.6. Kilopaskali mara lita ni juli moja kwa moja. Mita za ujazo ziache. Na kikokotoo ubonyeze ln. Ukibonyeza log utapata 143, na utashangaa kutwa.

Hatua ya 4: zilizobaki. B hadi C: 100 × (1 − 3) = −200. Alama ya kutoa usiimeze, kwani hapa gesi ndiyo inayofanyiwa kazi. C hadi A ni sifuri.

Jumla: 329.6 − 200 = J 129.6. Ndilo eneo lililofungwa na mistari yako mitatu.

Mimi nilipokuwa mwanafunzi niliingiza presha ya geji vilevile ilivyo: 200 × ln 3, nikapata 219.7, na B hadi C ikawa sifuri. Injini tamu hiyo, ila haipo duniani!

Hatua ya 5: hakiki kwa joto. A hadi B linaingia joto la J 329.6, lote likageuka kazi. C hadi A, kwa hewa, ni 2.5 × 1 × 200 = J 500 (2.5 ni kizidishi cha hewa ujazo usipobadilika, 1 ni lita, 200 ni presha iliyopanda). Jumla 829.6, kwa hiyo ufanisi, yaani 129.6 ÷ 829.6, ni asilimia 15.6 tu. B hadi C linatoka joto la 3.5 × 200 = J 700 (3.5 ni kizidishi cha hewa presha isipobadilika). Toa 700 kwenye 829.6: isipokuja 129.6, rudi hatua ya 4 ukaitafute ile alama ya kutoa.