Kupima asidi askobiki katika juisi ya chungwa na kuielewa kazi yake kwenye kimeng'enya

Asidi askobiki, ambayo wengi tunaiita vitamini C, hufanya kazi mwilini kwa kutoa elektroni. Katika kufundisha kemia sijapata njia bora ya kulionyesha hilo kuliko titresheni ya iodini, yaani kupima kiasi cha asidi kwa kuidondoshea iodini kidogo kidogo hadi asidi iishe, kwa sababu kinachotokea ndani ya flaski kinafanana sana na kinachotokea kwenye kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini.

Hatua ya kwanza ni myeyusho wa iodini wa 0.005 M (moli 0.005 katika kila lita). Yeyusha gramu 2 za potasiamu iodaidi katika maji kidogo yaliyokenekwa, tia gramu 1.3 za iodini, koroga hadi fuwele zote ziishe, kisha jaza maji hadi lita moja. Iodaidi hutangulia kwa kuwa iodini peke yake huyeyuka kwa shida katika maji. Vaa glavu.

Hatua ya pili, koroga gramu 0.25 za wanga katika mililita 50 za maji yanayokaribia kuchemka, uache upoe.

Hatua ya tatu, kamua chungwa papo hapo, chuja juisi kwa kitambaa safi, na usiiweke katika chombo cha shaba, kwani shaba huharakisha kuharibika kwa asidi hii. Pima mililita 20 kwa pipeti, tia kwenye flaski ya koni, ongeza mililita 150 za maji na mililita 1 ya wanga.

Hatua ya nne, dondosha iodini kutoka kwenye bureti (mrija wenye alama za mililita na bomba chini) huku ukitikisa flaski. Kila tone huacha wingu la buluu iliyokoza ambalo hufifia mara moja. Hapa usiharakishe, maana wingu linafifia kwa sababu molekuli moja ya asidi imeipa molekuli moja ya iodini elektroni mbili na kuigeuza iodaidi, ambayo haiupi wanga rangi.

Sasa fikiria chuma mahali pa iodini. Kimeng'enya kiitwacho prolili haidroksilesi, ambacho hutia kundi la haidroksili kwenye prolini (asidi amino mojawapo) ya kolajeni, protini inayoshikilia tishu za mwili, hutegemea kofakta, yaani kisaidizi cha kimeng'enya, ambayo ni chuma chenye chaji 2+. Mara nyingine chuma hicho hupoteza elektroni, hubaki na chaji 3+, na kimeng'enya husimama hadi asidi askobiki ikirudishie elektroni hiyo. Kwa hiyo kofakta yenyewe ni chuma, na asidi ndiyo inayokiweka katika hali ya kufanya kazi. Naomba tofauti hiyo isipuuzwe. Asidi ikikosekana kwa muda mrefu, nyuzi tatu za kolajeni hazishikamani imara katika joto la mwili, fizi huvuja damu na vidonda haviponi, na huo ndio ugonjwa wa kiseyeye.

Hatua ya tano, funga bureti pale rangi ya buluu inapodumu kwa sekunde 20. Rudia hadi upate vipimo vitatu visivyopishana kwa zaidi ya mililita 0.1.

Hatua ya mwisho ni hesabu. Kila mililita ya iodini hii hulingana na miligramu 0.88 za asidi askobiki; ukitumia mililita 11.4, juisi yako ina takriban miligramu 10 katika mililita 20, yaani 50 katika kila mililita 100. Juisi ya dukani iliyohifadhiwa kwa salfaiti haifai kwa kipimo hiki, kwa kuwa salfaiti nayo huipa iodini elektroni na kuongeza jibu isivyo halali.