Namba za NIDA kwenye Excel: jinsi ya kuizuia kompyuta isizikate mkia

Fungua daftari la mwanafunzi yeyote wa kompyuta wa mwezi wa kwanza, utakuta sifa za kompyuta zimepangwa mstari kwa mstari: ina kasi, ni sahihi, haichoki, hutunza kumbukumbu nyingi, hufanya kazi za aina nyingi, haina akili yake yenyewe. Anazikariri, anajibu mtihani, anapata vema. Kisha anakabidhiwa orodha ya wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa, anaingiza namba za kitambulisho cha taifa cha Tanzania, yaani namba za NIDA, na kufika jioni namba zote zinaishia na masufuri.

Ndivyo ilivyomkuta katibu mmoja niliyekuwa namsaidia hivi karibuni, na swali lake lilikuwa la haki kabisa: "Mwalimu, si mlitufundisha kwamba kompyuta haikosei?"

Haikukosea. Ilipewa kitu ikakichukulia kuwa kiasi cha kuhesabia, wakati kile kilikuwa jina lililoandikwa kwa tarakimu. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, maana hapa kutangulia na kufuata kuna maana.

Hatua ya 1: Andaa vichwa vya kolamu

Mstari wa kwanza weka: A Jina, B NIDA, C Simu, D Tarehe ya kujiunga, E Hisa. Usiunganishe seli ili kupata kichwa kizuri cha habari, na usiache mistari mitupu katikati. Rangi na mapambo ni kazi ya mwisho.

Hatua ya 2: Haribu kwanza namba moja kwa makusudi

Kwenye seli yoyote iliyo mbali na orodha, andika namba hii kisha bonyeza Enter:

19900230111123456789

Usihofu, si namba ya mtu. Tarakimu 8 za mwanzo za NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, na tarehe 30 Februari 1990 haijawahi kuzaa mtu.

Kwenye seli utaona kitu kama 1.99002E+19. Bofya seli hiyo, halafu tazama ule mstari wa fomula ulio juu. Utakuta 19900230111123400000. Ile 56789 ya mwisho imegeuka masufuri matano.

Wengi hapo hukimbilia kupanua kolamu au kubadilisha mwonekano wa seli. Haisaidii. Mwonekano ni nguo tu; tarakimu zenyewe hazimo tena ndani ya faili, na hakuna fomula itakayozirudisha. Dawa ni kurudi kwenye fomu za karatasi na kuandika upya.

Sababu iko kwenye utunzaji wenyewe. Kila namba ya hesabu, Excel huitunza kwa biti 64 (biti ni sifuri au moja, chembe ndogo kabisa ya kumbukumbu ya kompyuta) kwa kufuata kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985. Kati ya hizo, zinazobeba tarakimu zenyewe ni 52, na ukiongeza moja inayoeleweka bila kuandikwa zinakuwa 53. Kwa biti 53 unaweza kuhesabu namba nzima moja moja bila kuruka hadi 2 kipeo cha 53, yaani 9,007,199,254,740,992. Hizo ni tarakimu 16, na Excel imejiwekea mpaka wa 15 ili ibaki upande salama. NIDA ina 20. Kwa hiyo 5 zinaachwa nje.

Kumbe unaweza kukisia mapema nini kitapona na nini kitaumia. Control number ya malipo ya serikali ina tarakimu 12: itaonekana vibaya lakini ndani iko nzima. IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, ina 15, inapenya kwenye tundu la sindano. Namba ya kadi ya benki yenye tarakimu 16 inapoteza ya mwisho.

Maandishi hutunzwa kwa njia nyingine kabisa. Kila herufi ina msimbo wake, na tarakimu nazo zikiandikwa kama maandishi ni herufi tu: "0" ni 48, "1" ni 49, hadi "9" ambayo ni 57. Tarakimu ishirini zinakuwa misimbo ishirini iliyopangwa foleni, na hakuna anayefikiria kukata mkia wa foleni hiyo. Ndiyo maana kila ninapofundisha nasisitiza swali moja kabla ya kuandika chochote: je, namba hii nitakuja kuijumlisha au kuizidisha? Hisa, ndiyo. Mkopo, ndiyo. NIDA, simu, akaunti ya benki, namba ya gari? Hapana. Basi hizo ni maandishi.

Hatua ya 3: Iambie kompyuta kuwa kolamu B ni maandishi

Chagua kolamu B yote kwa kubofya herufi B juu. Bofya kulia, chagua "Format Cells", kisha kwenye "Number" chagua "Text", halafu OK. Sasa andika tena ile namba ya majaribio. Itakaa yote ishirini, imeegemea kushoto. Kuegemea kushoto ni dalili nzuri: Excel huegemeza maandishi kushoto na namba za hesabu kulia, mradi hujagusa mpangilio wa seli mwenyewe.

Kwa maneno hatua ndiyo hiyo. Kwa vitendo hapa ndipo watu hulala njaa, kwa hiyo vumilia.

Mosi, lazima "Text" itangulie na namba ifuate. Ukiandika kwanza ndipo ugeuze, umegeuza namba iliyokwisha kukatwa kuwa maandishi ya namba iliyokwisha kukatwa.

Pili, kwenye pembe ya seli patatokea pembetatu ndogo ya kijani. Ukiigusa, Excel inakwambia namba imetunzwa kama maandishi, na inajitolea kukusaidia kwa "Convert to Number". Usibonyeze kabisa! Kubofya huko mara moja, ukiwa umechagua kolamu nzima, kunamaliza kazi ya siku. Chagua "Ignore Error" na uendelee.

Tatu, kunakili na kubandika. Namba zikitoka WhatsApp au Word au ukurasa wa intaneti zinaweza kuja na mpangilio wao na kufuta ule uliouweka. Bandika kwa "Match Destination Formatting", au zipitishe kwanza Notepad. Mimi hupitisha Notepad kila kitu, hata pale ambapo si lazima.

Nne, alama ya ' kabla ya namba nayo inafanya kazi. Excel huichukulia kuwa amri ya "hii ni maandishi" na haiionyeshi kwenye seli. Inafaa kwa seli moja mbili. Kwa orodha nzima siipendi, kwa sababu siku mtu mwingine atakapoingiza data hataikumbuka.

Tano, na hili ndilo pendekezo langu hasa: andika NIDA na vistari vyake, 19900230-11112-34567-89, kwa makundi ya 8, 5, 5 na 2. Kuna wanaovifuta ili "namba iwe safi". Waache. Vistari hivyo ni ulinzi wa bure. Excel ikiviona haiwezi kudhani hii ni namba ya hesabu, hata kama mtu alisahau "Text", hata faili likipita mikono mitano. Kama tayari unazo bila vistari, na bado ni maandishi mazima, weka kwenye kolamu ya pembeni:

=LEFT(B2,8)&"-"&MID(B2,9,5)&"-"&MID(B2,14,5)&"-"&RIGHT(B2,2)

Iburute hadi chini, nakili matokeo, kisha yabandike juu ya kolamu B kwa "Paste Special", "Values". Fomula ikikukatalia, jaribu nukta mkato mahali pa mkato. Inategemea mpangilio wa nchi kwenye Windows yako. Mfumo fulani ukidai namba bila vistari, viondoe siku hiyo ya kupeleka kwa =SUBSTITUTE(B2,"-",""), na faili lako la asili libaki navyo.

Sita, CSV. Hii ndiyo iliyomuumiza yule katibu. Alishaelewa "Text", akaandika vizuri, akahifadhi, na kesho yake masufuri yalikuwa yamerudi. Alikuwa akihifadhi kama CSV. Faili la CSV ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mikato. Halina mahali pa kukumbuka kwamba kolamu B uliiita "Text". Ukilifungua kwa kulibofya mara mbili, Excel inaanza kukisia upya, inaona tarakimu ishirini, inakata. Kwenye CSV yenyewe namba bado ni nzima. Lifungue kwa Notepad utaziona. Lakini ukishalifungua kwa Excel kisha ukabonyeza "Save", umeziandika zile zilizokatwa juu ya zile nzima. Basi tena.

Njia ya Excel ni kwenda "Data", kisha "From Text/CSV", uchague "Transform Data", ubadilishe aina ya kolamu kuwa "Text" kabla ya kupakia. Ikikuuliza kama ubadilishe hatua iliyopo au uongeze mpya, chagua "Replace current". Ukiongeza mpya, unageuza maandishi baada ya namba kukatwa, na tumesharudi kwenye lile la kwanza. Matoleo mapya ya Microsoft 365 yana pia sehemu ya kuzima ukataji huu, ndani ya "Options", upande wa "Data". Mimi CSV hufungulia LibreOffice Calc. Ni ya bure, na kila ukifungua CSV inakuuliza kwanza kila kolamu ni ya aina gani. Programu inayouliza kabla ya kukisia ninaiheshimu.

Kwa wanaotumia Google Sheets: mpaka wa tarakimu 15 upo huko pia. Chagua kolamu, nenda "Format", "Number", "Plain text".

Hatua ya 4: Simu

Kolamu C nayo iwe "Text". Usipofanya hivyo 0 ya mwanzo inaondoka, na ukiandika +255 alama ya kujumlisha inaondoka. Hapa angalau hasara inarudishika, kwa sababu tunajua kilichoondoka: kwa 0 ya mwanzo tumia =TEXT(C2,"0000000000"), na kwa alama ya kujumlisha tumia ="+"&C2.

Hatua ya 5: Mpe asiyechoka kazi ya ukaguzi

Macho ya mtu yakishapitia mistari hamsini yanaanza kuona yanachotaka. Kompyuta ya mstari wa elfu ni ileile ya mstari wa kwanza, kwa hiyo ukaguzi ni wake.

Kwa urefu, kama umeandika na vistari:

=AND(ISTEXT(B2),LEN(B2)=23)

Bila vistari weka 20, lakini usiiache ISTEXT. LEN peke yake itakudanganya: namba iliyokatwa mkia nayo ina urefu wa 20, kwa hiyo inapita getini huku imevunjika mguu.

Kwa tarehe ya kuzaliwa:

=TEXT(DATE(LEFT(B2,4),MID(B2,5,2),MID(B2,7,2)),"yyyymmdd")=LEFT(B2,8)

Jaribu na namba yetu ya 30 Februari. Itarudisha FALSE, na inafaa kuelewa kwa nini. DATE haikulalamika kwamba tarehe haipo. Ilihesabu siku mbili baada ya 28 Februari 1990 ikatoa 2 Machi, ikanyamaza. Kilichofichua kosa ni sisi kuilazimisha ilinganishe jibu na maandishi ya awali. Ile "haina akili yake yenyewe" ya kwenye daftari ndiyo hii.

Kwa waliojirudia, wengi hutumia =COUNTIF(B:B,B2). Kuwa mwangalifu. Namba zikiwa hazina vistari, COUNTIF huzichukulia kama hesabu hata kama umezitunza kama maandishi, na hulinganisha tarakimu 15 tu. Weka 19900230111123456789 na 19900230111123498765, itakwambia ni mtu mmoja. Waliozaliwa siku moja wameshafanana tarakimu 8 tayari, kwa hiyo zikifanana 7 nyingine tu unamtuhumu mwanachama kwamba kajiandikisha mara mbili. Kwenye kikao hilo si jambo dogo. Namba zenye vistari hazina tatizo hili. Kama huna vistari, tumia =SUMPRODUCT(--(B$2:B$500=B2)), ambayo hulinganisha herufi kwa herufi.

Hatua ya 6: Tarehe ya kujiunga

Andika 1/2/2024 kisha ibadilishe mwonekano uoneshe jina la mwezi. Ikija Januari, Windows yako iko kwenye mpangilio wa Marekani. Rekebisha upande wa "Region" kabla hujaingiza tarehe nyingine. Tarehe hii iache iwe tarehe, usiigeuze maandishi, kwa sababu utataka kuhesabu miezi ya uanachama. Ndani kabisa ni namba ya hesabu: 1 Januari 2024 kwa Excel ni 45292, ukianza kuhesabu na 1 Januari 1900 kama siku ya 1.

Hatua ya 7: Hifadhi

Hifadhi kama .xlsx. Kisha "File", "Info", "Protect Workbook", "Encrypt with Password". Orodha yenye majina, NIDA na simu za watu inaangukia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo isizunguke kwenye flashi bila nywila. Nywila yenyewe mpe mwenyekiti na mweka hazina kwa mdomo, usiitume kwenye kundi la WhatsApp ulikotuma faili. Na uiandike mahali pa kukumbuka, kwa sababu ukiisahau Microsoft haitakufungulia.