Somo: Kabla hamjalipia fremu ya mashela kwa kushea, hesabuni Jumamosi

Wakuu, wazo hili linaibuka mara kwa mara Dar: mwenye mashela, mpambaji wa meikapu na mwenye suti wanachukua fremu moja Sinza au Kinondoni, maharusi wanamaliza kila kitu hapohapo. Wazo lina maana. Kinacholiangusha ni kupiga hesabu kama ya duka la nguo, mauzo ya siku mara siku 30. Shela linachukuliwa Alhamisi au Ijumaa, linavaliwa Jumamosi, linarudi Jumatatu, kisha dobi, kukauka na fundi. Likienda vizuri linatoka mara moja kwa wiki, basi.

Hatua ya 1: Jumamosi mlizonazo

Mwaka una Jumamosi 52. Wakati wa Kwaresima, kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu, zinapita 7 ambazo harusi za makanisa mengi husimama, na Ramadhani harusi za Waislamu ni chache mno. Mwaka 2027 vipindi hivi viwili vinaanza karibu pamoja: Jumatano ya Majivu ni Februari 10, na Ramadhani inatarajiwa kuanza siku zizo hizo. Maana yake Februari na Machi mtalipa kodi bila mapato ya kueleweka. Kodi ya miezi hiyo itengwe Desemba, wakati fedha ipo. Hesabu yenu ya mwaka iwe Jumamosi 45, siyo 52.

Hatua ya 2: Harusi zilizopo karibu yenu

Hapa hamhitaji kumlipa mtu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe angalau siku 21 kabla, na makanisani ndoa hutangazwa Jumapili tatu. Chagueni makanisa manne au matano ya jirani, hesabuni ndoa zinazotangazwa kwa miezi miwili. Ulizeni na wenye kumbi Jumamosi ngapi zimeshalipiwa. Ila aliyetangazwa kanisani mara nyingi ameshapata shela, kwa hiyo orodha hiyo ni ya kupima ukubwa wa soko, siyo ya kutafutia wateja.

Hatua ya 3: Gharama ya safari moja ya shela

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo. Namba hizi ni za mfano, wekeni zenu.

Matumizi ya mwezi: kodi 500,000, msaidizi 200,000, umeme na ulinzi 80,000, bando na matangazo 60,000. Jumla 840,000.

Shela linakodishwa 200,000 kwa safari, yaani kila linapotoka mara moja. Toeni dobi 20,000 na fundi 10,000, inabaki 170,000. Wengi wanaishia hapo: 840,000 gawanya kwa 170,000, safari 5 kwa mwezi zinatosha. Hapana. Shela lilinunuliwa 600,000, na baada ya safari kama 10 pindo limechoka, weupe umefifia, haliwezi tena kudai bei ile. Kila safari imekula 60,000 ya shela lenyewe. Inabaki 110,000, na sasa mnahitaji safari 8 kwa mwezi ili msipate hasara, kabla hata ya kujilipa. Anayesahau uchakavu anaona faida mwaka wa kwanza, halafu mwaka wa pili ana mashela yaliyochoka na hana fedha ya kununua mapya.

Kushea kunaokoa hapa. Kama upande wa mashela unabeba nusu ya matumizi, yaani 420,000, safari 4 zinatosha.

Hatua ya 4: Mashela yenyewe

Anzeni na 8, siyo 20. Pendeleeni mgongo wa kamba kuliko zipu: la kamba linamkaa mwenye saizi 12 na hata wa 16, la zipu linamkaa mmoja, na zipu ikifumuka asubuhi ya harusi hakuna fundi wa kumkimbilia. Geuzeni shela ndani nje kabla ya kulipa. Mishono ya ubavuni iwe na akiba ya kama sentimita 4 kila upande, vinginevyo haliongezeki. Jiwe la urembo lililogundishwa kwa gundi hubanduka kwa dawa za draikilina. Lililoshonwa kwa uzi hudumu. Neti ya plastiki ikiguswa na pasi ya moto inayeyuka, kwa hiyo bajeti iwe na pasi ya mvuke.

Fundi akipunguza shela la kukodisha apige bandi tu, yaani mshono wa muda unaofumuliwa baadaye. Mkasi usiguse kitambaa hata bibi harusi akisisitiza.

Hatua ya 5: Mnagawanaje

Poda ya meikapu na spirei ya nywele vinaelea hewani na kutua kwenye nguo nyeupe. Wekeni kizigeu hadi juu, na kila shela likae kwenye mfuko wake. Gharama ya kizigeu iingie kwenye mtaji wa kuanzia.

Kodi igawanywe kwa eneo kila mmoja analotumia. Umeme usigawanywe sawa kwa sawa: draya na taa za mpambaji zinamaliza LUKU haraka kuliko upande wa suti.

Andikeni nani anabeba hasara shela likiungua, aliyeleta bibi harusi analipwa asilimia ngapi, na mtu akitoka anapewa muda gani. Watu wanasahau jambo moja lenye thamani kuliko makochi yote ya dukani: namba ya simu na akaunti ya Instagram ni za nani mkiachana? Liandikwe siku ya kwanza.

Hatua ya 6: Jaribio la wiki nane

Pelekeni mashela manne kwenye saluni ya mpambaji mwenzenu bila kukodi fremu. Msipime kwa wanaouliza "bei gani?". Hesabuni waliojaribu na waliolipa advansi. Katika wiki nane, advansi 8 ni dalili nzuri kwa mfano wetu wa safari 4 kwa mwezi. Zikiwa 3, fremu isubiri. Msifanye jaribio Desemba, litawadanganya kwa uzuri, wala Kwaresima, litawakatisha tamaa bure.

Maswali ya wanachama

*Mdau wa Morogoro: Tarehe zikigongana, wateja wawili shela moja?*

Dada, kila shela lishonewe kitambaa chenye namba kwa ndani, na liwepo daftari moja tu la tarehe, likae dukani. Shida huanza kila mbia anapopokea oda kwenye WhatsApp yake. Kanuni iwe kwamba bila advansi kuandikwa daftarini, tarehe haijashikwa. Na msikodishe shela moja Jumamosi na Jumapili kwa watu wawili, hata wakibembeleza.

*Mdau wa Tabata: Shela likirudi na madoa je?*

Chukueni dhamana, mfano 100,000, mrudishe baada ya ukaguzi. Likaguliwe mteja akiwepo, kwenye mwanga wa jua: shingoni kwa ajili ya fondesheni, kwapani, na pindo lote. Piko halitoki kirahisi kwenye kitambaa cheupe, kwa hiyo bibi harusi aambiwe likauke kabisa kabla hajavaa. Picha za ufukweni mziandikie bei yake, maana chumvi na mchanga vinakula pindo. Pigeni picha ya shela linapotoka, itamaliza ubishi linaporudi.

*Mdau wa Arusha: Mwenye fremu anataka miezi sita mbele. Mkataba uwe kwa jina la nani?*

Mkuu, sajilini jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara) wabia wote mkiwemo, mkataba uandikwe kwa jina hilo. Ukiwa kwa jina la mmoja, siku mkikosana wengine wanahesabika wageni wake. Kumbukeni mpangaji wa biashara anatakiwa kukata kodi ya zuio, yaani asilimia 10 ya pango, na kuipeleka TRA. Muulizeni mwenye fremu mapema kama bei aliyotaja ni kabla au baada ya zuio. Na mbia akitoka mwezi wa tatu, mkataba wenu useme kama anarudishiwa kodi iliyobaki mara moja au anasubiri apatikane wa kuchukua nafasi yake. Bora asubiri, kwa sababu fedha hiyo mwenye fremu ameshaichukua.